Kuwapeleka marafiki Lamu kwa mara ya kwanza: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Habari hizi nimezisikia mara nyingi mno sasa, na zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Mtu anaipenda Lamu, kile kisiwa cha pwani ya kaskazini ya Kenya. Amekwenda mwenyewe mara tatu, mara nne, akarudi Dar es Salaam moyo umetulia. Safari inayofuata anawachukua rafiki zake wa karibu. Siku ya tatu mmoja hatoki chumbani, mwingine anauliza ndege ya kurudi ni saa ngapi, na yule aliyehangaika kuliko wote amekaa juu ya paa peke yake, machozi yanamlengalenga.

Mimi pia yalinikuta. Safari yangu ya kwanza na wenzangu watatu niliwaamsha alfajiri kila siku, nikawazungusha makumbusho, ngomeni, na vijiji vya Shela na Matondoni, na muda wote huo nilikuwa naeleza. Siku ya nne tulikwama kwenye mikoko ya Manda, kisiwa cha jirani, kwa saa tatu kwa sababu sikuuliza maji yanajaa saa ngapi.

Kosa letu ni moja. Tunataka wenzetu waipende Lamu tuliyoipenda sisi, tena kwa siku nne, na tunasahau kwamba sisi tuliipenda kwa sababu hakuna aliyetusimamia. Utaratibu ulio hapa chini nimeufuata tangu wakati huo na unafanya kazi. Nimeuandikia mtu anayetoka Tanzania. Anayetoka kwingine atabadilisha sehemu ya njia tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

- Pasipoti ya kila mtu, ya kawaida au ya Afrika Mashariki. Kitambulisho cha NIDA hakitoshi. Kenya, Uganda na Rwanda ndizo zilizokubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho, sisi hatumo. Raia wa nchi za Jumuiya hatudaiwi kile kibali cha mtandaoni ambacho Kenya inawadai wageni wengine. Asiye na pasipoti aulize Uhamiaji kuhusu hati ya dharura ya safari, na aulize mapema.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mpakani unaweza kuulizwa, na hapo si mahali pa kuanza kubishana.
- Laini moja ya simu ya Kenya yenye M-Pesa, isajiliwe kwa pasipoti ya yule atakayeshika hela za kundi.
- Majira ya maji kujaa na kupwa kwa wiki mtakayokuwepo.
- Begi laini, si sanduku gumu. Ndege ndogo nyingi za kwenda Lamu huruhusu kilo 15 kwa mtu, na hakuna gari litakalobeba sanduku lako hadi mlangoni. Litabebwa kichwani, kwa mkokoteni au kwa punda.
- Kanga mbili kwa kila mwanamke, suruali ndefu au kikoi kwa kila mwanamume, kandambili imara, tochi, na dawa anazotumia kila mtu kwa siku zote za safari na mbili zaidi.
- Siku saba. Mbili za njiani kwa ndege, tano za kukaa; kwa basi ongezeni mbili. Mkiwa na siku nne tu, ahirisheni.

Hatua ya 1: Chagua watu, kisha waulize swali moja

Mwisho watu watano pamoja na wewe. Mashua za kawaida zinawatosha, meza moja inawatosha, na mkigawanyika hakuna anayebaki peke yake.

Kabla ya kutaja bei wala tarehe, muulize kila mmoja, faraghani na si kwenye kundi la WhatsApp: siku ukipumzika vizuri, jioni unakuwa umefanya nini? Kwenye kundi watu hujibu wanachodhani wengine wanataka kusikia. Faraghani utaambiwa kweli. Mmoja atasema amelala mchana. Mwingine atasema amecheza muziki hadi saa nane za usiku.

Huyo wa saa nane za usiku ni rafiki yako na unampenda, lakini mwambie ukweli sasa hivi. Lamu mjini ni mji wa Waislamu, pombe inauzwa sehemu chache sana, na saa nne za usiku mitaa mingi imelala. Akisema sawa, naenda hivyohivyo, mchukue. Akisita, mpeleke Mombasa safari nyingine. Safari nyingi zilizoharibika, zilianza kuharibika hapa.

Muulize pia kila mtu kuhusu magoti yake. Nyumba za Lamu ni ngazi juu ya ngazi, na ngazi zenyewe ni ndefu kwenda juu. Mama wa makamo mwenye goti bovu akipewa chumba cha ghorofa ya tatu, kila glasi ya maji inakuwa safari.

Hatua ya 2: Panga tarehe kwa upepo na kwa mwezi

Desemba hadi Machi ni kaskazi: joto kali, bahari tulivu, maji safi. Aprili hadi Juni ni masika, na nyumba nyingi za wageni hasa upande wa Shela hufungwa. Julai na Agosti kusi linavuma. Hewa ni nzuri sana, ila bahari imechafuka na mgonjwa wa bahari atateseka.

Kwa watu wa mara ya kwanza mimi huchagua Oktoba au mwisho wa Januari.

Angalia na kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana. Kwa anayefunga, futari ya Lamu ni neema. Kwa wasiofunga ambao hawakuambiwa mapema, ni siku ndefu za kujificha kula biskuti. Wakati wa Maulidi ya Lamu mji hujaa hadi pomoni na vyumba hupanda bei. Maulidi yale ni mazuri mno, lakini wapeleke safari ya pili.

Hatua ya 3: Hela zisikae kwako

Wewe ndiye mwenyeji, kwa hiyo usiwe mweka hazina. Mtu mmoja akishika njia na hela pamoja, kila bei inayopanda inaonekana kosa lake.

Piga hesabu ya mambo ya pamoja tu: nyumba, mpishi, mashua na chakula cha jioni. Kila mtu atoe mchango sawa mwezi mmoja kabla, uingie kwa mmoja ambaye si wewe, naye aandike kila kinachotoka kwenye kundi siku hiyohiyo. Tiketi, zawadi na vinywaji vya mtu ni juu yake mwenyewe. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa dharura.

Tahadhari moja kwa Watanzania: jina la fedha ni shilingi huku na huku, na akili huchelewa kubadilika. Rafiki yangu mmoja alimpa kijana wa mizigo noti ya 1,000 ya Kenya akidhani ametoa kitu kidogo. Siku ya kwanza mwekeni kila mtu mezani na noti zake, mzipitie pamoja moja moja kwa bei ya siku hiyo.

Utajua hatua hii imekamilika ukiona hakuna anayekuuliza wewe "tumebakiwa na kiasi gani".

Hatua ya 4: Njia

Kwa ndege mnatoka Dar hadi Nairobi, kisha Lamu. Soma tiketi vizuri. Baadhi ya ndege za Lamu huondoka uwanja wa Jomo Kenyatta na nyingine uwanja wa Wilson, na kati ya viwanja hivyo viwili kuna foleni za Nairobi. Kama ni Wilson, achia saa tano kati ya kutua na kupaa. Ndege inatua kisiwa cha Manda, mnatembea hadi gatini, mnavuka kwa boti dakika kama kumi.

Kwa basi ni Dar, Tanga, Horohoro, Mombasa. Laleni Mombasa usiku mmoja, msijaribu kuunganisha. Kesho yake ni Malindi, Garsen, Witu hadi Mokowe, halafu boti. Kutoka Mombasa ni siku nzima.

Hapa niseme wazi, kwa sababu wenyeji wengi wa safari hulificha jambo hili wasiwatishe wenzao. Barabara ya bara kati ya Garsen na Mokowe imewahi kushambuliwa na wapiganaji, na ndiyo maana mtakuta vizuizi vya askari na ukaguzi wa pasipoti. Kisiwani ni mambo mengine kabisa, ila barabara ndiyo hiyo. Uliza hali ya usalama wiki ya safari, uliza tena asubuhi ya safari, pita mchana tu, na waambie wenzako wote kabla hawajatoa hela. Mtu ana haki ya kukataa. Mimi nikiwa na wageni wa mara ya kwanza huwapandisha ndege kuanzia Mombasa au Nairobi, hata kama itabidi tungoje miezi mitatu mchango utoshe.

Hatua ya 5: Nyumba

Kodini nyumba nzima yenye mpishi. Mkigawana watu watano mara nyingi haizidi sana vyumba vya hoteli, na mnapata paa lenu. Paa ni nusu ya Lamu.

Nyumba ya zamani ya mawe ina jambo moja la kuwaeleza wenzako kabla: vyumba vingi havina milango, vina mapazia, na katikati kuna ua ulio wazi hadi juu. Mtu akikoroma chini, wa juu anasikia. Akipiga simu kwa mumewe usiku, wote mnajua habari zake. Muulize mwenye nyumba ni vyumba vingapi vina milango, uvigawe hivyo kwanza kwa wanaokoroma na wanaopenda kuzungumza na simu.

Mjini au Shela? Shela ina ufukwe na utulivu, na wageni wengi hukaa huko. Kwa mara ya kwanza mimi nasema mjini, Mkomani au Langoni, karibu na msikiti. Adhana ya alfajiri itawaamsha, ndiyo. Waambie mapema, na kesho yake wataingoja.

Hatua ya 6: Jioni ya kwanza msifanye kitu

Mmefika, mmechoka, na wewe moyo unakudunda unataka kuwaonyesha kila kitu kabla jua halijazama. Jizuie. Agiza kwa mpishi samaki wa kupaka na wali wa nazi, mle juu ya paa, basi.

Sababu ni kwamba mji huu huingia kwa masikio kabla ya macho. Punda analia mtaa wa pili, watoto wanasoma chuoni, yaani madrasa, mtu anamwita mwenziwe dirishani. Ukianza kueleza, hawatasikia. Usitaje kwamba mji umo kwenye urithi wa dunia tangu 2001. Wakitaka kujua watauliza, na hapo jibu litakaa.

Dalili njema: mtu mmoja ananyamaza katikati ya maneno yake na kusikiliza.

Hatua ya 7: Asubuhi ya pili, waache wapotee

Huu ndio moyo wa mwongozo wangu na ndio watu wanaouruka.

Baada ya mahamri na mbaazi, wagawe wawili wawili. Kila wawili wana kazi moja ndogo: hawa walete maembe au ndizi kutoka sokoni mbele ya ngome, hawa watafute fundi nguo wa kushona upindo wa kanga. Wewe unabaki nyumbani. Kwa kweli unabaki.

Kabla hawajatoka wape mambo manne tu:

Kwanza, kurudi ni rahisi. Mji umeegemea mwinuko, kwa hiyo ukipotea fuata kichochoro kinachoteremka, utatokea baharini. Ukifika baharini unajua ulipo. Njia kuu ya ndani, ambayo wenyewe huiita Usita wa Mui, inakwenda sambamba na pwani.

Pili, punda ana haki ya njia. Ukisikia sauti nyuma yako, jibanze ukutani, na mikono usiitanue. Punda mwenye shehena ya mawe ya matumbawe hakupishi.

Tatu, salamu kwanza. Salaam aleikum kwa yeyote, sabalkheri asubuhi, na kwa wazee shikamoo yenu ya nyumbani itapokelewa kwa furaha. Usipige picha ya mtu, hasa mwanamke, bila kumwomba. Mabega na magoti yafunikwe, wanawake kwa wanaume.

Nne, Kiswahili ni chetu sote lakini Kiamu kina mambo yake. Njia ni ndia, nje ni nde, na njoo ni ndoo. Rafiki yangu aliitwa na bibi mmoja kutoka barazani, "Ndoo, mwanangu, ndoo!" akageuka kumtafutia ndoo ya maji. Bibi alicheka, akamkalisha, akampa kahawa tungu (chungu) na tende. Wamekaa saa nzima. Nilikuwa nyumbani, sikuona lolote, na hadi leo hiyo ndiyo hadithi anayoisimulia akiulizwa Lamu ikoje.

Kama ningekuwa naye ningemtafsiria kabla hajageuka.

Umefanikiwa wakirudi wamechelewa na wanakueleza wao. Wakirudi baada ya dakika ishirini wakisema kuna joto, wape maji ya ukwaju, walale, wajaribu tena alasiri. Usiwafuate.

Hatua ya 8: Bahari, na majira ya maji

Msomaji akinambia safari yake ya mashua iliharibika, ninamuuliza ilikuwa tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Mara nyingi jibu limo humo.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni wakati wa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu siku hizo maji hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano za asubuhi. Na saa nne ndiyo saa ambayo kila mgeni, akishashiba, anataka kupanda mashua! Kila siku majira husogea mbele kwa dakika kama hamsini.

Kwa nini ni muhimu? Magofu ya Takwa, upande wa pili wa Manda, hufikiwa kwa mkono wa bahari unaopita ndani ya mikoko, na mkono huo una maji ya kutosha wakati wa kujaa tu. Mkiingia maji yanapoanza kutoka, mnabaki topeni mkingoja. Sisi tulingoja saa tatu juani na chupa mbili za maji kwa watu wanne.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Siku za bamvua, asubuhi tembeeni kwa miguu kwenda Shela kwa njia ya pwani, maji yakiwa yamepwa. Ni kilomita kama tatu, dakika arobaini kwa mwendo wa mazungumzo. Maji yakijaa njia hiyo humezwa, hivyo kurudi chukueni boti. Takwa iwekeni alasiri ya siku hiyo au nyingine, na anayetoa saa ya kuondoka awe nahodha, si ninyi.

Mkizungumza na nahodha, malizeni yote nchi kavu: bei ni ya mashua au ya kichwa, chakula kimo au hakimo, mtarudi saa ngapi, upepo ukikata ana mashine au hana. Kisha ombeni kuyaona majaketi ya kuokoa maisha, myahesabu kwa macho, moja kwa kila mtu. Asiye nayo, mshukuruni na muende kwa mwingine, hata kama ni mcheshi namna gani.

Huko Shela ufukwe una urefu wa kilomita zipatazo 12 na hakuna waokoaji. Karibu na kijiji maji ni ya upole zaidi. Ukienda mbali mawimbi ni makubwa na mkondo unavuta. Msiende mbali mtu mmoja mmoja, wala jioni. Nguo za kuogelea ni za ufukweni, na kijijini mnapita na kanga. Na waombe wenzako wasiteleze na kubomoa milima ya mchanga: ile milima ndiyo inayohifadhi maji matamu ya visima vya Lamu. Ukiwaambia hilo wakiwa wamesimama juu yake, hawatalisahau.

Hatua ya 9: Siku moja iwe tupu

Katika siku tano, siku ya nne isiwe na chochote. Asubuhi mtu atasema, "Leo tunafanya nini?" Jibu ni, "Mimi nakwenda kusoma barazani. Tuonane saa mbili usiku kwa chakula."

Watu wazima waliokaa pamoja siku tatu wanachokana, hata ndugu. Ukiwapa nafasi ya kuachana kwa heshima, hawatatafuta nafasi ya kuachana kwa ugomvi. Mmoja atarudi kwa fundi wake. Mmoja atakwenda kuwaona punda wanaotibiwa kwenye kituo kilichopo pale pwani tangu 1987. Mmoja atalala. Wote wametumia likizo yao.

Mtu akiugua, Hospitali ya King Fahd ipo mjini. Weka namba ya mwenye nyumba kwenye simu ya kila mmoja, kwa sababu siku hiyo hamtakuwa pamoja.

Ngoja jioni. Kama kwenye chakula kila mtu ana habari ambayo wengine hawana, na mmoja amegundua duka la mkate wa mofa ambalo wewe miaka yote hiyo hukulijua, usiseme "aa, hilo nalijua". Kesho yake mwombe akupeleke.

Hatua ya 10: Hesabu na picha

Mweka hazina afunge hesabu mkiwa bado Lamu, usiku wa mwisho, hela iliyobaki ikiwa mezani. Mkifika Dar kila mtu ana foleni zake na deni la shilingi 600 hugeuka kinyongo cha mwaka. Kilichobaki gawaneni, au mpeni mpishi kama zawadi kwa kauli ya wote.

Picha ziwekeni sehemu moja ndani ya wiki. Kabla ya kutuma popote, kila mmoja aondoe asizotaka zionekane, na picha ya mtu wa Lamu ambaye hamkumwomba ruhusa ifutwe.

Usiwaulize "mmepapenda?". Subiri miezi miwili. Atakayetaka kurudi atakupigia kuuliza mwezi unaandama lini.